Mteremko wa Wanaoanza

Kazi yangu ya kwanza Toronto ilikuwa kuwavisha watu viatu. Vilikuwa viatu vya skii, yaani vya kutelezea kwenye theluji, vya plastiki ngumu, vizito kama tofali, vyenye vifungo vya chuma ubavuni. Mteja akija nilimuuliza saizi yake, nikamletea viatu kutoka rafuni, nikapiga magoti mbele yake na kukaza vile vifungo mpaka aseme basi, vimebana. Jioni vilirudi vimelowa, nikavipulizia dawa ya kuondoa harufu na kuvipanga upya. Nilifanya hivyo kuanzia Desemba mpaka Machi, kisha niliagwa na kuambiwa nirudi theluji ikirudi.

Kilima cha kutelezea kilikuwa ndani ya bustani ya umma ya manispaa, mwendo wa mabasi mawili kutoka Malton tulikokuwa tukiishi. Kwa macho yangu mimi, niliyekulia Morogoro nikiamka kila siku na kuiona milima ya Uluguru, lilikuwa tuta tu. Lakini eneo lile lote ni tambarare, na watu wake walikipenda kilima chao. Shule zilileta watoto kwa mabasi ya njano wajifunze kuteleza. Shida ilikuwa kwamba wanaoanza walitengewa kipande kidogo, upana wake kama uwanja wa netiboli, na Jumamosi walirundikana pale wakiangukiana. Wengi walilia, na mimi ndiye niliyewavua viatu huku wakilia.

Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Nyumbani alifanya kazi Wizara ya Ardhi miaka kumi na minne, amepima mashamba, viwanja na njia za maji, na wakati fulani alikaa porini Kilombero miezi mitano mfululizo. Tulipofika Kanada aliandikia chama cha wapima ardhi akiomba kibali. Jibu lilikuwa la heshima. Lilisema aanze mitihani karibu yote upya, na pia apate mpima mwenye kibali atakayemchukua kama mwanafunzi wake. Aliwaandikia wapima wengi. Baadaye akaacha, akawa anabeba maboksi katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, kupitia wakala aliyempigia simu asubuhi kumwambia kama siku hiyo anahitajika au hahitajiki.

Watoto wetu wawili tuliwaacha kwa mama yangu. Tuliambiwa kwamba ili waje, mmoja wetu awe na kazi ya kudumu, ya mwaka mzima, yenye barua.

Katika kiangazi cha mwaka wetu wa tatu, meneja wa kilima, mama mmoja mwenye sauti ya upole na mikono mikubwa, alituita wafanyakazi wote ingawa msimu ulikuwa umekwisha. Alitueleza kwamba manispaa inataka kupanua sehemu ya wanaoanza, iwe mara nne ya ile ya zamani, na kamba mpya ya kuwavuta watu juu. Kwa kuwa ardhi ni ya umma, kungekuwa na mkutano wa wananchi kwanza. Ikikubaliwa, alisema, wafanyakazi wawili wa chumba cha viatu wataajiriwa mwaka mzima, na akanitazama mimi. Aligawa nakala za ramani ya mradi. Nikaikunja yangu nikaitia kwenye mkoba, nikaondoka nikiwa mwepesi.

Nilimpelekea mume wangu ile ramani ili afurahi. Aliitandaza mezani, akaondoa sahani, akavaa miwani. Aliisogeza karibu na taa. Kisha akaniuliza, "Hapa kwenye bonde, wakati wa baridi theluji inakaaje?"

Nilimwambia ninachokijua. Palikuwa na mahali kwenye bonde lile ambapo theluji haikukaa hata Januari. Iliingia weusi, ikalegea, na wafanyakazi walizungushia wavu wa rangi ya chungwa mtu asiingie. Sisi tulipaita kwenye uji. Mume wangu akaweka kidole pale kwenye ramani.

"Chini pana chemchemi," alisema. "Na hapa ndipo wanapotaka kumwaga udongo wote."

Alinieleza taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza vibarua wake zamani. Ili mteremko uwe wa polepole kwa wanaoanza, watakata bega la kilima na kulijaza bonde kwa udongo huo. Udongo utakuwa umelalia maji yasiyo na pa kutokea. Utakaa mwaka mmoja, labda miwili, halafu siku theluji itakapoyeyuka kwa pamoja na mvua kunyesha juu yake, wote utashuka. Dawa yake haikuwa kubwa. Kabla ya kujaza udongo, walaze mawe na mabomba yenye matundu yatakayoyatoa maji kando.

Kiangazi kile mume wangu alibadilika. Jumapili tukitoka kanisani alinipeleka kilimani, akatembea bondeni na fimbo, akichoma ardhi na kuangalia ncha yake. Alinionyesha matete na majani ambayo hayaoti pakavu. Aliazima vitabu maktaba. Alinunua penseli ngumu na rula ndefu. Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia akipiga mluzi, nikasimama na mwiko mkononi, kwa sababu sikuwa nimeusikia mluzi wake tangu tuondoke nyumbani. Aliandika kurasa kumi na moja, pamoja na mchoro wa mabomba uliokuwa safi kiasi kwamba mimi nisiyejua kitu niliuelewa. Akatengeneza fotokopi, akapeleka moja ofisi ya manispaa kwa posta. Hawakujibu. Akapeleka ya pili. Safari hii ilikuja kadi iliyochapwa, ya kumkaribisha kwenye mkutano wa wananchi kama mtu mwingine yeyote.

Nilimwambia, "Kwani lazima uende mwenyewe? Barua si wanayo?"

"Hawajaisoma," alisema. "Mtu akiisoma hawezi kunyamaza."

Nilimwambia kwamba na mimi nitakuwepo, pamoja na watu wa kazini. Akafurahi. Sikumwambia kwamba meneja ametuomba tuje na makoti yetu mekundu ya kazi na tukae mstari wa mbele, ili madiwani waone mradi una watu.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa jamii, mwezi Novemba. Upande mmoja tulikaa sisi wenye makoti mekundu na wazazi wa watoto wanaojifunza. Upande wa pili walikaa majirani wa bustani, wanaotembeza mbwa na wasiotaka miti ikatwe. Mume wangu aliingia amevaa suti yake ya kijivu, akanitafuta kwa macho, akaniona, akaona koti langu. Akakaa nyuma kabisa.

Kila msemaji alipewa dakika tatu. Jina lake lilipoitwa alikwenda mbele na kurasa zake, akaanza kama tunavyoanza sisi, kwa kumsalimu mwenyekiti na madiwani, kuwashukuru waliomkaribisha na kueleza yeye ni nani. Kiingereza chake cha kuandika ni kizuri kuliko cha watu wengi niliowajua pale, lakini cha kusema kilikuja polepole. Alipofika kwenye chemchemi, dakika mbili zilikuwa zimekwisha. Aliposema mteremko utashuka, wale majirani wakampigia makofi wakidhani ni mwenzao.

"Hapana," akawageukia. "Mimi siupingi mradi. Nautaka."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, pande zote mbili. Yeye akarudi kwenye karatasi akiwa amepoteza mstari, akawa anautafuta kwa kidole. Kengele ikalia. Mwenyekiti akamuuliza kama ni mhandisi au mpima mwenye kibali cha jimbo. Akasema nyumbani alikuwa mpima wa serikali miaka kumi na minne. Mwenyekiti akamshukuru sana, akamwomba aache maandishi yake pale mezani.

Hapo ndipo meneja wangu alipoinama kwangu. "Unamfahamu yule bwana?" aliniuliza.

Nimeyarudia maneno niliyomjibu mara nyingi sana tangu siku ile. Nilisema, "Ni mtu wa kwetu."

"Mnatoka nchi moja?"

"Ndiyo."

"Maskini," akasema. "Amejitahidi."

Mume wangu alikuwa akipita kwenye njia ya katikati kurudi nyuma, hatua mbili tu kutoka tulipokaa. Sikugeuka kumwangalia. Niliangalia mikono yangu. Na mimi ndiye niliyemwambia habari za theluji nyeusi. Nilikuwa najua alichosema ni kweli kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya ukumbi ule.

Mkutano ulipokwisha meneja alitupa lifti watatu kwenye gari lake mpaka kwenye stesheni ya treni. Ilikuwa inanyesha mvua iliyochanganyika na barafu. Kwenye kona ya bustani tukapita kituo cha basi, naye alikuwa amesimama pale, bahasha tupu imefunika kichwa. Sikusema simamisha gari. Mmoja wa wenzangu akasema, yule pale mzee wa maji, na gari likapita.

Alifika nyumbani saa nzima baada yangu. Nilikuwa nimepika wali na maharage. Alibadilisha nguo, akala, akasema mabasi ya Jumamosi yana shida. Kisha akaniuliza kama meneja wangu ameridhika na mkutano. Nikasema ameridhika.

Mradi ulipita. Miezi michache baadaye nilipata barua yangu ya kazi ya mwaka mzima, nikampa aisome. Akasema hongera, mama watoto, na akasema kweli, kwa moyo. Ile rula ndefu aliiweka juu ya kabati, na vitabu akavirudisha maktaba kabla ya siku yake. Kiangazi kilichofuata malori yalileta udongo juu ya udongo. Kwa kuwa sasa nilikuwa wa kudumu, kazi yangu ilikuwa pamoja na kumwagilia nyasi za mteremko mpya. Hakuna aliyelaza bomba lolote, ningeliona. Jioni hakuniuliza wamefikia wapi, na mimi sikumwambia.

Majira ya baridi yalipofika, mteremko ulifunguliwa. Lazima niseme ulikuwa mzuri. Watoto walishuka wamenyoosha mikono, wazee wenye miaka sitini walijaribu kwa mara ya kwanza, na sikuona kilio kama zamani. Nilivisha viatu mpaka magoti yangu yakaota sugu. Lakini ilipofika Februari niliona upande wa chini theluji imeanza kuingia weusi, mstari mrefu kama jasho mgongoni kwenye shati. Nikamwonyesha meneja. Akasema mashine za kutengeneza theluji zitapuliza nyingine juu yake, na zikapuliza.

Mwezi Machi ilinyesha siku mbili mfululizo juu ya theluji inayoyeyuka. Siku ya tatu nilifika kazini asubuhi kabla ya kufungua, nikakuta nusu ya mteremko imeshuka. Udongo ulikuwa umekifunika kibanda cha mashine ya kamba mpaka dirishani, na nguzo mbili zimelala. Hakukuwa na mtu pale ulipoporomoka, Mungu ni mkubwa. Nilisimama na begi langu la chakula, nikasikia maji yakitiririka chini ya lile tope.

Siku chache baadaye meneja aliniita ofisini. Akafunga mlango. Akaniuliza kama naweza kumpata yule bwana wa kwetu aliyezungumza mkutanoni.

"Ni mume wangu," nilisema.

Aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Miaka kumi na mitatu."

Hakuuliza kwa nini sikusema. Ningependa angeuliza. Alisema tu nimwambie aje Alhamisi, kuna mtu kutoka ofisi kuu ya manispaa angependa kuonana naye.

Nilipomwambia, mume wangu akateremsha rula kutoka juu ya kabati. Usiku wa Jumatano alichora mchoro mpya wa jinsi ya kuuokoa mteremko: wapi wafukue, wapi walaze mawe, udongo upi urudi na upi utupwe. Asubuhi alivaa ile suti ya kijivu. Kwenye basi alinieleza kwamba hawatampa kazi ya mpima, hilo analijua, lakini huenda wakamchukua kama msaidizi wa mtu mwenye kibali, na huo ndio mlango aliokuwa akiutafuta. Nilimrekebisha tai.

Mtu wa ofisi kuu alikuwa mwembamba, mpole, na faili mbele yake. Mimi niliruhusiwa kukaa. Alimwomba mume wangu athibitishe kwamba aliwahi kuandika jambo fulani kuhusu mradi. Akathibitisha, kisha akafungua mchoro wake mpya na kuanza kueleza. Safari hii Kiingereza hakikumsumbua. Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho bila kuutazama ule mchoro.

"Lile andiko la kwanza," alisema, "uliweka nakala yako?"

Mume wangu alimtazama. Nikaona anaelewa, kidogo kidogo, na uso wake ukawa ule anaorudi nao kutoka ghalani. Akamtazama meneja, ambaye alikuwa anatazama meza. Mwisho akanitazama mimi.

"Sina," alisema.

Yule mtu akaandika kitu, akafunga faili, akamshukuru kwa kuchukua muda wake kuja. Mchoro mpya alimrudishia mkononi, umekunjwa vizuri.

Nakala ilikuwepo. Ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda chetu, pamoja na vyeti vyake vya shule. Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini amesema hana.

"Ndicho walichotaka kusikia, kwamba hakuna karatasi ya kuonyesha walionywa," alisema. "Ningesema ninayo, wewe kazi yako ingekuwaje?"

Nikalia. Yeye akaenda kuwasha birika.

Kazi yangu ilidumu mpaka Mei. Mteremko wa wanaoanza ulizungushiwa uzio, na bila wanaoanza hapakuwa na watu wa kutosha wa kuvishwa viatu. Barua ya kuniachisha iliandikwa kwa karatasi ileile ya barua ya kuniajiri. Meneja alinikumbatia. Tuliambiwa ukarabati utajadiliwa mwaka ujao. Mwaka ujao ukafika, kisha manispaa zikaunganishwa kuwa jiji moja kubwa, na mtu niliyempigia simu hakujua hata kilima ninachokizungumzia ni kipi. Nilipata kazi ya kuosha na kulisha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Watoto, ambao maombi yao yalilazimika kuanza upya kwa barua ya kazi hiyo, walikuja wakiwa wamechelewa miaka miwili. Mdogo alikuwa akimwita bibi yake mama, na mimi aliniita shikamoo, basi, hakuniita kwa jina lingine.

Niliomba radhi mara moja tu, na nilichelewa. Tulikuwa tumesimama kituoni asubuhi moja ya baridi, yeye anakwenda ghalani na mimi kwa wazee. Sijui ni nini kilichonisukuma siku ile. Nilimwambia, "Siku ya mkutano, meneja aliniuliza kama nakujua."

"Nilisikia," alisema.

"Na nilivyomjibu?"

"Nilisikia."

Nikamwambia kwamba nimekaa na jambo lile moyoni miaka yote hii, na kwamba nilipaswa kusimama mbele ya wote na kusema huyu ni mume wangu na anachosema ni kweli. Alisikiliza huku akiangalia barabara, mikono mfukoni.

"Nilipokuwa natembea kurudi nyuma," alisema, "nilikuwa naomba usiseme. Niliona walivyocheka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, wasijue kwamba huyu mama ni wangu."

Ningeweza kuvumilia kama angenikasirikia. Basi likaja, limejaa. Yeye akapata kiti mbele, karibu na dereva, na mimi nikasimama katikati mpaka kituo changu.